Matanga ya Watoto Wasiozaliwa

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilikupita, hukukosa mengi: mume wangu alisema uongo mbele ya mama yake, nami nikabaki nimeduwaa kama kuku aliyemwagiwa maji. Leo utasikia uongo ule ulitufikisha wapi.

Kwa ufupi, kwa wageni. Mimi ni Épiphanie, watu wananiita Mama Gaju. Nilizaliwa ukimbizini, nikakulia Buyenzi kule Bujumbura, nikauza dagaa na kujifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia dagaa hao hao. Nina watoto wawili, Gaju na Hirwa. Wa tatu sina, kwa sababu sikumtaka, na yeyote anayetaka kunisomea misa juu ya hilo asubiri nimalize.

Mwaka huu, tisini na nne, vita vilipokwisha tulirudi Kigali, mimi na mume wangu Jean-Berchmans, tukapata vyumba viwili vya uani hapa mtaani Gitega. Mama yake naye, Mama Kabagwira, akarudi kutoka Karagwe, Tanzania, pamoja na ng'ombe na ndugu, akatua Kabuga, nje kidogo ya mji. Tangu mwanawe aende Bujumbura kutafuta kazi hawakuwahi kuonana tena. Mimi hakuwahi kuniona kabisa.

Basi akaja. Akawashika wanangu vichwa, akawanusa, akalia kidogo. Kisha akatazama mlangoni nyuma yao, kama mtu anayengoja wengine watoke ndani.

“Na wale watatu?” akauliza.

Mimi nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake.

“Mama,” akasema, “wametutoka.”

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita.

*

Mama mkwe alianguka chini akilia. Nilimkalisha mkekani, nikampa maji, nikamkamata Berchmans mkanda wa suruali nikamburuta mpaka nyuma ya jiko.

“Watatu gani?”

“Punguza sauti.”

“Watatu gani, Berchmans? Una mwanamke mwingine?”

“Hapana! Haki ya Mungu, hapana.”

Ningefurahi angekuwa naye. Mwanamke mwingine angalau ni mtu, unaweza kumtukana.

“Ni wako,” akasema.

“Wangu?”

“Nilimwambia ni wako.”

Ikabidi anieleze, na alieleza kama mtu anayetapika mbele za watu. Mnakumbuka tulivyokuwa tunasalimiana ukimbizini, ndugu mmoja Uganda, mwingine Zaire, mwingine Tanzania. Unajirekodi kwenye kanda ya redio, unampa dereva wa lori, inafika baada ya miezi. Mama mkwe alikuwa anamaliza kila kanda kwa swali moja: “Na huyo mkeo, tumbo lake limelala usingizi gani?”

Mwaka mmoja Berchmans akachoka kuulizwa. Akaazima kichanga cha jirani, akakifinya paja mbele ya redio, kikalia. “Mama, msikie mjukuu wako wa tatu!” Baada ya hapo ikawa rahisi. Vichanga Buyenzi havikukosekana.

Mimi niko sokoni napima dagaa. Kumbe nyumbani nimejifungua mara tatu, na sikupata hata asubuhi moja ya kulala kitandani nikaletewa uji!

“Na majina uliwapa wewe?” nikamuuliza.

“Aliwapa yeye.”

Mnajua desturi ya kwetu. Mtoto akitimiza siku nane, watoto wa jirani wanaitwa, wanalishwa, kila mmoja anataja jina analopenda, kisha wakubwa wanatoa jina lenyewe. Mama Kabagwira, huko Karagwe, kila kanda ilipofika aliwakusanya watoto wa kijiji akachinja mbuzi. Hakuna mzazi, hakuna kitanda, hakuna mtoto. Redio iko katikati ya mkeka inalia. Ndivyo alivyowapata Mutsinzi, na Akimana, na Mugenzi.

Mbuzi watatu wameliwa kwa heshima ya tumbo langu, nalo lilikuwa tupu kama sufuria ya Jumatatu.

“Kwa nini hukumwambia ukweli?”

“Ukweli gani? Kwamba mke wangu anachoma sindano ya kuzuia mimba?”

“Ulinipeleka wewe kwenye hiyo sindano! Kwa baiskeli yako! Ukanisubiri nje ukila karanga!”

“Najua.”

“Umemsahau mwenye nyumba wa Buyenzi? ‘Wawili nawavumilia, wa tatu mtafute kwingine.’ Chumba kimoja, pazia katikati, sisi huku, watoto kule, na wewe ukikohoa Gaju anasema pole. Tuliamua pamoja, Berchmans. Wewe na mimi. Juu ya kitanda kile kile.”

“Najua, nimesema.”

“Haya, kwa nini umewaua?”

“Nifanyeje? Anataka kuwaona.”

Halafu akasogea karibu, akanong'ona, na nilichosikia sitakisahau, maana mimi nina kumbukumbu ndefu na Mungu hakunipa kifutio.

“Mama Gaju, utazame mji huu. Nani hapa hajafiwa? Wakiongezeka watatu, nani atauliza?”

Nilimpiga kofi. La kwanza katika ndoa yetu. Lilimstahili, na nililirudia ili lisikae peke yake.

*

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaopenda kuhesabu matumbo ya wenzenu.

Mtu akihama, tumbo lake nalo linahama. Mama mkwe alifukuzwa kwao akatupwa porini Karagwe. Kule chakula cha msaada kilipimwa kwa kichwa, na msitu ulifyekwa kwa mikono, na homa ilikuja kila masika kuchukua fungu lake. Mwanamke afanye nini? Alizaa. Alizaa kama anayejaza pipa lenye tundu.

Mimi nilikulia mjini. Mjini kodi inapanda kwa kichwa, shule inadai kwa kichwa, na msitu wa kufyeka hakuna, kuna uchochoro wa maji machafu. Mwanamke afanye nini? Alifunga mlango.

Hakuna aliyemtukana mwenzake hapo. Kila mmoja alisoma ardhi aliyotupiwa. Lakini tukikutana nyumbani yule wa porini anamwita wa mjini tasa, na wa mjini anamwita wa porini sungura, na wanaume katikati wanakunywa bia wakisema taifa linapungua.

Nimemaliza. Turudi uani.

*

Mama mkwe alikuwa ameshaacha kulia. Amejifunga kanga kiunoni, ametoa amri.

“Wajukuu zangu hawakukaliwa matanga. Walikufa njiani kama mbwa. Hapa ndipo nyumbani, basi wataliliwa nyumbani. Kesho tunawasha moto.”

Matanga ya kwetu, ikiriyo, mnayajua: gogo linawaka uani, majirani wanakaa kulizunguka, wanaleta pombe ya mtama, wanampa mfiwa mkono. Moto hauzimwi mpaka matanga yaondolewe.

Lakini ua ule haukuwa wetu. Ulikuwa wa Athanasie.

Athanasie ni mjane wa hapa hapa Gitega. Mwezi wa nne ulimkuta na mume na watoto wanne. Mwezi wa saba ukamwacha na nyumba. Sisi tulipofika tukiwa na godoro kichwani alitupa vyumba vya uani, kodi akakataa. Alisema anachotaka ni kusikia watoto wakigombana nje.

Na Berchmans alikwenda kumwomba mwanamke huyo ruhusa ya kuwalilia watoto wasiokuwapo! Nilimkimbilia nimzuie. Nikakuta ameshatamka.

“Watatu?” Athanasie akauliza.

“Watatu,” mume wangu akasema, na machozi akayapata, sijui aliyanunua wapi.

Athanasie akanigeukia. “Mama Gaju. Tangu mwezi wa nane tunachota maji pamoja. Hukuniambia.”

Nikafungua kinywa. Kabla neno halijatoka mama mkwe akanipita, akamkumbatia Athanasie, na wanawake wale wawili ambao hawakujuana hata jina wakalia kila mmoja shingoni mwa mwenzake mpaka wakakaa chini.

Ungesema nini hapo, msomaji? Sema. Mimi nilikifunga kinywa.

“Washeni,” Athanasie akasema. “Kuni ziko nyuma ya choo.”

*

Alasiri ya pili ua ulikuwa umejaa. Wametoka Bujumbura, wametoka Kampala, wametoka Ngara, kila mmoja na lafudhi yake na kiti chake. Eustache, mpwa wa mama mkwe, alikuja na pikapu kutoka Kabuga na madebe ya maziwa. Watu hawakuniuliza watoto walikufaje. Ndio adabu ya mji huu sasa, hakuna anayeuliza. Berchmans alikuwa amelijua hilo. Alikuwa amejificha ndani ya adabu ya watu kama mende ndani ya unga.

Mzungumzaji alikuwa Ndayisaba. Nilimjua kabla hajaketi. Bujumbura alikuwa akituhutubia akina mama kwenye mikutano ya wakimbizi, mshikaki mkononi: “Dada zetu, zaeni, tumepungua!” Miaka saba imepita, na hotuba ni ile ile. Mshikaki tu ndio haukuwapo.

“Msilie kupita kiasi,” akaanza. “Nchi iko tupu. Mama Gaju bado ana nguvu. Mungu akitwaa watatu anarudisha sita!”

“Amina,” wakasema wanaume.

“Mzee Ndayisaba,” nikasema, “wewe unao wangapi?”

“Mimi?”

“Wewe mwenye nchi tupu.”

Akarekebisha kofia. “Wawili. Unajua, mke wangu ana presha.”

“Wawili! Lo, pole. Na nchi anaijaza nani, jogoo wako?”

Watu walichekea ndani ya vibuyu. Ukimwona Mnyarwanda ameinamia pombe kwa muda mrefu, hanywi, anacheka.

“Mkamwana!” mama mkwe akanikemea. “Mwanamume hajibiwi hivyo matangani. Amesema kweli. Hawa watatu lazima wazibiwe pengo. Nitakaa hapa mwenyewe mpaka nione tumbo.”

Hapo nikamwona mume wangu akibadilika rangi. Hilo hakulifikiria, mtaalamu wangu. Alidhani akiwaua watoto atapumzika. Kumbe mtoto aliyekufa anadaiwa kuliko asiyezaliwa.

“Mama,” nikasema, “na kama sitaki?”

“Hutaki nini?”

“Wengine. Kama wawili wananitosha?”

Aliniangalia kama nimemwaga maziwa makusudi. “Mimi nilizaa kumi na mmoja. Chini ya turubai, mvua inanipiga mgongoni. Wewe mjini, umezungukwa na madaktari, unaniambia wawili wanatosha?”

“Kumi na mmoja. Na wako wapi, Mama?”

Nilijua nimekosa adabu. Nilijua pia jibu. Berchmans ana ndugu watatu.

Mama mkwe akatazama moto.

“Wanne wapo,” akasema. “Saba wako Karagwe. Surua ilichukua watatu wiki moja. Mmoja alichukuliwa na maji ya mto. Wengine homa. Tuliwazika kwenye mstari, tukapanda miti ya miyenzi juu yao, wasitupotee.” Kisha akaninyooshea kidole, na sauti yake ikawa ndogo, haikuwa ya kugomba tena. “Ndiyo maana nakwambia zaa. Mwenye wawili hana watoto, binti yangu. Ana bahati tu.”

Mimi ni mtu wa majibu. Nimewajibu makarani, nimewajibu mapadri, nimewajibu polisi wa soko la Buyenzi mchana kweupe. Mwanamke yule hajui kusoma, na nilitafuta jibu lake nikalikosa.

*

Ndipo mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Athanasie akatoka na kigoda chake, akakiweka karibu na moto, wakampisha.

“Nimesikia mnahesabu,” akasema. “Mimi nilikuwa na wanne.”

Akaketi.

“Wangu hawajakaliwa matanga. Aliyebaki kwetu ni mimi. Mtu mmoja hawezi kukaa matanga peke yake, mkono atampa nani? Nilikuwa nawasha moto wa kupikia nauangalia tu.” Akamgeukia mama mkwe. “Mama, mkikubali, wangu wakae na wenu.”

“Wakae, mwanangu,” mama mkwe akasema. “Wakae.”

Athanasie akawataja. Tangu mwezi wa nane ninamjua, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia majina yao. Bertrand, aliyepiga mpira kwa mguu wa kushoto. Vestine, aliyeogopa kuku. Umuhire. Alipofika kwa wa mwisho alikwama.

“Ngabo,” akasema. “Lakini hakuweza kulitamka. Alikuwa anajiita Abo.”

Wanawake walilia kilio ambacho nadhani walikuwa wamekiweka tangu walipovuka mpaka. Kila mmoja akaenda akampa mkono. Hata Ndayisaba alivua kofia. Athanasie alikuwa akipokea mikono kama mtu anayepokea maji, mmoja baada ya mwingine, hataki hata tone lianguke.

Mimi pia nililia. Nilijiambia: Épiphanie, mara moja maishani mwako, nyamaza. Uongo huu umezaa kitu cha maana kwa bahati mbaya. Uache.

Na ningeuacha, nawaapia. Ningeumeza mpaka kaburini.

Lakini mama mkwe akasimama, akanyoosha mikono juu ya moto ule ule.

“Na wangu,” akasema. “Mutsinzi, aliyefanana na babu yake, Berchmans aliniambia. Akimana. Mugenzi wangu mdogo. Pokeeni na hawa.”

Mikono ikaanza kuja kwangu. Wa kwanza kusimama alikuwa Athanasie. Mikono yake bado imelowa machozi ya Bertrand na Vestine na Umuhire na Abo, anainyoosha anipe pole ya kanda ya redio.

Ipo mikono ambayo mtu hawezi kuipokea.

“Kaa, Athanasie,” nikasema. “Tafadhali kaa.”

“Mama Gaju,” Berchmans akaanza, “mke wangu, umechoka…”

“Nyamaza wewe, mfinya watoto wa watu!” Nikamgeukia mama mkwe. “Mama, wajukuu zako ni wawili. Wako pale ukutani, wanakula mahindi. Hakuna Mutsinzi. Hakuna Akimana, hakuna Mugenzi. Sikuwabeba, sikuwazaa, sikuwazika. Uliowasikia walikuwa watoto wa jirani, na wako hai wanapiga kelele Buyenzi. Nilizaa wawili nikafunga mlango, na mwanao alinishikia ufunguo.”

Gogo lilipasuka motoni, watu wakaruka.

“Berchmans,” mama mkwe akasema. “Ni kweli?”

Mume wangu akatazama viatu. Ningejua vinampa majibu ningevichoma siku ya harusi.

“Mama, ulikuwa unauliza,” akasema. “Kila mwaka ulikuwa unauliza.”

*

Watu waliondoka kama wanavyoondoka Wanyarwanda kwenye aibu, taratibu, wakisifu hali ya hewa. Walioleta pombe wakaondoka nayo. Ndayisaba alikosa neno kwa mara ya kwanza tangu ukimbizini, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona siku ile.

Nilingoja mama mkwe amtukane mwanawe. Nilingoja anitukane mimi, nilikuwa nimeshapanga majibu. Alikaa mkekani, mikono magotini.

“Nilikuwa nawaombea kwa majina,” akasema. “Kila asubuhi, nikikamua. Mutsinzi nilimwekea ndama.”



Halafu akautazama moto. Nikaona uso wake ukigeuka, huzuni ikitoka, hofu ikiingia. Akasimama haraka kuliko umri wake.

“Maji!” akasema. “Leteni maji! Moto wa matanga umewashwa na maiti hakuna. Utatafuta wa kwake! Umewashwa kwa jina la watoto wa nyumba hii, na watoto wa nyumba hii ni hao wawili!”

Akanyakua jerikani ya maji mlangoni petu, akaja nayo imeinama upande, maji yanamwagikia miguu.

Athanasie hakusimama. Alinyoosha mguu tu, ukawa kati ya jerikani na moto.

“Mama, acha,” akasema. “Huu una wenyewe. Wako wanne.”

“Mwanangu, nakuhurumia. Wako utawawashia mwingine kesho.”

“Kesho nani atakuja? Wameshaondoka. Leo wamekuja kwa ajili ya wenu.” Sauti yake haikupanda hata kidogo. “Abo amekaliwa matanga muda wa kunywa kikombe kimoja. Huuzimi.”

“Utakula wajukuu zangu!”

“Wangu haukuwala moto wa matanga.”

Mama mkwe akatua jerikani mbele ya miguu yangu.

“Mkamwana,” akasema, na safari hii hakuwa akiamuru, alikuwa akiomba. “Nimezika saba. Watatu umeniua leo kwa maneno. Nimebaki na hawa wawili. Mwaga wewe, wewe ndiye mama yao. Ukikataa, siwaachi walale penye moto huu. Nakwenda nao Kabuga sasa hivi, na hutawaona mpaka nijue mama yao ana akili.”

“Mama, mambo ya moto kula watu…”

“Ulisoma kwenye gazeti kwamba hauli?”

Nikamtazama Berchmans. Mara moja, nilifikiri. Mara moja tu, simama upande mmoja uonekane.

Akasimama. Aliingia chumbani akatoka na sweta ya Hirwa na viatu vya Gaju.

“Ni siku chache tu, Mama Gaju,” akasema. “Mpaka bibi atulie. Usilifanye kubwa.”

Eustache alikuwa ameshapanda kwenye pikapu. Mama mkwe akawachukua watoto mkono huu na huu. Hirwa alifurahi, anakwenda kuona ng'ombe. Gaju aliburuta miguu akinitazama juu ya bega.

Mimi siamini moto. Nimesema hivyo sokoni, nimesema kanisani, nitasema hata nikifa. Lakini jerikani ilikuwa pale, na mkono wangu uliishika. Nilijiona nimeishika. Niliyesoma magazeti ya dagaa, mwanamke wa majibu, nikapima uzito wake kabisa.

Nikaiacha. Gogo lilikuwa limeanza kufifia pembeni. Nikainama, nikaokota kuni moja kavu.

Geti likafunguliwa. Pikapu ikawaka, ikakohoa, ikaanza kurudi nyuma kutoka uani.

“Mama!” Gaju akaita. “Mama, wewe hupandi?”

Nilisimama na ile kuni mkononi, moto mbele yangu, gari nyuma yangu.

Athanasie hakuinua macho. Alikuwa anakusanya makaa kwa kijiti, polepole, anayarudisha katikati.

“Nenda, Mama Gaju,” akasema. “Kimbia, wako bado getini. Mimi kukaa peke yangu nilishazoea.”